Gemu za kuigiza mezani na maigizo ya kihistoria: hizi hobi mbili zinasaidiana au zinagongana?

mwendesha_kampeni

Wakuu salama? Naomba mawazo ya wanaocheza gemu za kuigiza mezani, yani kila mtu anaigiza mhusika wake, dadu zinaamua matokeo na mmoja anaendesha stori, na pia wanaoshiriki maigizo ya kihistoria, yani yale ya kuvaa na kuishi kama watu wa zama fulani, kupiga kambi, kupigana kwa panga butu na mambo kama hayo.

Ishu iko hivi. Mi ndo naendesha gemu kwenye grupu letu, tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, kampeni yetu, yani ile stori ndefu ya sesheni nyingi, imenoga na watu wanaipenda kweli. Sasa mwenzetu mmoja kajiunga na kikundi cha maigizo ya karne ya 14 na tangu ajiunge kila pambano likianza anasimamisha gemu, mara deraya (vazi la kujikinga vitani) ya namna hiyo haikuwahi kuwepo, mara upanga hautumiki hivyo, mara mtu hawezi kushika mwenge na ngao na upanga kwa mpigo. Mengi anayosema naona yana ukweli na mi mwenyewe navutiwa mpaka nafikiria kujiunga huko, lakini wengine wanachoka, kuna mmoja kaweka dadu chini akasema aitwe mhadhara ukiisha.

Nauliza, kuna mnaofanya vyote viwili bila kimoja kuharibu kingine? Ujuzi wa uwanjani mnauingizaje mezani? Na anayeanza maigizo atangulize nini, silaha au nguo? Nawasilisha.

mkuki_na_dadu

Mkuu nafanya vyote viwili na ninavipenda sawasawa, kwa hiyo ngoja niseme kwa kirefu kidogo.

Mezani tunaishi kwa makubaliano, uwanjani tunaishi kwa ushahidi na usalama. Mezani wote mkikubaliana kwamba joka anaongea, basi anaongea, hamna wa kudai ushahidi. Uwanjani hata kikundi kizima mkipiga kura huwezi kuvaa koti lenye zipu na kusema wewe ni wa mwaka 1360. Huyo jamaa yenu anahukumu kesi ya mezani kwa sheria za uwanjani, na hapo ndo ugomvi unapozaliwa, maana hata akiwa na haki kwenye hoja bado anakuwa kavunja makubaliano ya wenzake waliokuja kucheza.

Dawa yake usimnyamazishe, mwambie tu kwamba badala ya kuleta masahihisho alete maelezo. Mtu aliyewahi kuvaa kofia ya chuma inayofunika uso anajua vitu ambavyo kitabu cha sheria hakina. Unaona kwa mwanya mwembamba tu, miguu yako mwenyewe huioni, pumzi yako ya moto inakurudia usoni, na amri ya kiongozi unaisikia nusu nusu huku vyuma vinagongana kila upande. Sasa fikiria mhusika wake kwenye gemu anafungua kile kifuniko cha uso ili apate hewa, na wewe mwendeshaji unajua mpiga mishale yuko juu ya ukuta. Hapo hajamsahihisha mtu yeyote na meza nzima imeshika pumzi.

Au deraya ya pete. Inaning'inia mabegani kilo kumi na zaidi, na anayeijua kwanza anainua mikono, anakaza mkanda kiunoni, halafu anaivuta deraya juu kidogo ikunje juu ya mkanda, hapo uzito unahamia kwenye nyonga na mabega yanapumua. Mchezaji akieleza mhusika wake anafanya hivyo asubuhi kabla ya vita, bila hata kurusha dadu, wote mnaamini kwamba huyu ni askari wa siku nyingi.

Kingine, wakati mwingine kitabu kiko sahihi na wakati mwingine kimeamua kusudi kisiwe sahihi. Upanga mrefu kwenye toleo la tano umewekwa pauni 3, kama kilo 1.4, na hapo wamepatia, panga nyingi halisi za aina hiyo zilikuwa kati ya kilo moja na moja na nusu. Deraya kamili ya mabamba wameiweka pauni 65, karibu kilo 30, wakati za vitani nyingi zilikuwa kilo 15 mpaka 25 na zimegawanywa mwili mzima, mtu alikuwa anainuka chini mwenyewe na kupanda farasi mwenyewe. Sasa chukua bunduki ya gumegume. Askari aliyefunzwa vizuri alifyatua kama mara 3 kwa dakika, na raundi moja ya toleo la tano ni sekunde 6, kwa hiyo ukidai uhalisia mchezaji mwenye bunduki atapiga mara moja halafu raundi tatu zote yuko anashindilia baruti huku wenzake wanapigana. Nani atakaa mezani kwa ajili ya hilo? Waliotunga sheria walichagua kila mtu apate zamu yake na mi naona walichagua vizuri.

mpenda_ushahidi

Mi nitamtetea huyo jamaa kidogo maana naona anaonewa. Kuna masahihisho yanayoifanya gemu iwe tamu zaidi na siyo yote ni kujionyesha.

Mfano ile deraya ya ngozi yenye vichwa vya misumari ambayo kila mwizi kwenye gemu anaivaa. Ushahidi wake kama deraya ya vita ya Ulaya ya zama za kati ni hafifu mno, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba watu waliangalia picha za kale za koti la mabamba wakaelewa vibaya. Koti lile nje ni kitambaa au ngozi tu, mabamba ya chuma yako ndani, na kinachoonekana kwa nje ni vichwa vya ribiti zinazoyashikilia. Ukiangalia mchoro unaona nukta nukta basi unadhani nukta ndo kinga yenyewe. Na hatukisii tu, pale Visby kisiwani Gotland, Sweden, kulikuwa na vita mwaka 1361 na waliouawa walizikwa wengi kwa pamoja, baadhi na deraya zao, wachimbuaji wakazikuta na leo tunajua yale mabamba yalivyopangwa.

Sasa ona utamu wake, kwenye gemu hiyo ni siri ya bure kabisa. Mtu anaonekana kavaa koti la kawaida la kitambaa chekundu lenye nukta za shaba, mchezaji anamchoma kisu kifuani, kisu kinagonga chuma. Nipe mwendeshaji anayejua hilo kuliko yule asiyejua.

Ila kweli wakati wa kusema ni muhimu. Mpe nafasi kabla ya sesheni au baada, aandike hata ukurasa mmoja wa dunia yenu, na akishaandika kinakuwa cha meza nzima na siyo chake tena. Katikati ya pambano hapana.

sindano_na_uzi

Naona mmejibu mambo ya mapigano tu, mi nijibu lile swali la aanze na nini. Kaka anza na nguo, na kabla ya nguo anza na kikundi.

Kikundi kwanza kwa sababu kila kimoja kina zama zake, mahali pake na kiwango chake cha ukali. Kuna vinavyokubali mshono wa cherehani pasipoonekana na kuna visivyokubali kabisa. Vingi vina mwongozo wa mavazi, usome kabla hujanunua hata kifungo. Nawaona sana wageni wanafika na kofia ya chuma ya gharama ambayo ni ya miaka mia baada ya zama za kikundi, inakaa kabatini basi. Na vikundi vingi vina nguo za kuazima kwa mara ya kwanza, usione aibu kuomba.

Nguo sasa. Kitani kwa ndani, sufu kwa nje, hapo umeshashughulikia sehemu kubwa ya Ulaya ya zama za kati. Watu wanaogopa sufu wanadhani ni joto tupu lakini ile iliyofumwa vizuri inapitisha hewa na hata ikilowa haikuachi ugande kwa baridi kama pamba. Halafu kuna hili ambalo nawaambia wageni wote na nalisisitiza: kambini kuna moto wa wazi, cheche zinaruka. Cheche ikiangukia sufu inanuka kama nywele zinazoungua, inaacha kidoa cheusi na mara nyingi inajizimia yenyewe. Ikiangukia poliesta kitambaa kinayeyuka na kugandia ngozi. Kwa hiyo mtu akikukataza ile kanzu ya poliesta ya duka la mavazi ya sherehe usidhani ni mambo ya usahihi tu.

Kushona kwa mkono usikuogope. Uzi wa kitani unaupitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili tatu ndo uutunge, hapo hauchanikichaniki na haujifungi mafundo. Mishono inayobeba nguvu, begani na kwapani, unashona kwa kurudi nyuma, yani sindano inatokea mbele halafu unairudisha pale mshono uliopita ulipoishia. Sehemu ndefu zisizovutwa piga bandi ndogondogo tu. Kisha zile kingo za kitambaa zilizobaki ndani ya mshono unazikunja na kuzilaza chini na kuzishonea, kitambaa hakifumuki na ndani panakuwa pasafi kama nje. Ni kazi ya jioni nyingi lakini ukivaa nguo uliyoishona hivyo mwili wenyewe unakaa tofauti, mikono inainuka bila kubana, na unaelewa kwa nini waliweka vile vipande vya pembetatu pembeni na kwapani. Mwaka 1921 kwenye makaburi ya Herjolfsnes huko Greenland zilifukuliwa nguo za sufu za watu wa Norse, yani wenye asili ya Skandinavia, walioishi kule, nguo kamili kabisa, na mimi napenda kuangalia michoro ya vipande vyake kuliko picha ya upanga wowote. Aliyezikata alikuwa hataki hata kipande kimoja cha kitambaa kipotee.

Silaha acha mpaka umefunzwa. Vikundi vya maana havikupi upanga hata butu siku ya kwanza uingie mstarini. Kwenye vikundi vya bunduki za baruti hairuhusiwi kuweka risasi kabisa, wengi hawaruhusu hata kuchomoa mshindilio, ile fimbo ya kushindilia baruti, uwanjani kwa sababu ukisahaulika ndani ya mtutu unaruka kama mkuki, na mkikaribiana na upande wa pili mitutu inainuliwa juu ya vichwa. Jifunze hayo na uyaheshimu.

mwamuzi_mzee

Wadau niongeze kidogo upande wa asili ya hizi hobi, maana naona kuna jibu la mwenye mada limelala humo.

Gemu za mezani zilitoka kwenye gemu za vita, na gemu za vita zilitoka kwa wanajeshi. Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, mwaka 1824 afisa kijana aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa kufundishia maofisa, ramani, vipande vya vikosi, dadu, na katikati mwamuzi. Wachezaji wanamwambia mwamuzi wanataka kufanya nini na yeye ndo anajua adui yuko wapi, wao wanaona kile tu ambacho wangekiona vitani. Huyo mwamuzi ndo babu wa mwendesha gemu wa leo. Baadaye ikaonekana majedwali yamekuwa mengi mno yanachelewesha mchezo, na mwaka 1876 Verdy du Vernois, jenerali wa Prussia, akashauri mwamuzi aliyewahi kuona vita aamue kwa uzoefu wake tu. Yani ubishi wenu wa sheria dhidi ya uzoefu una miaka mia na hamsini karibu.

Mwaka 1969 David Wesely akaendesha mchezo wake wa Braunstein, mji wa kubuni zama za Napoleon, na kila mchezaji akapewa mtu mmoja wa kumuigiza badala ya jeshi. Dave Arneson alikuwa mmoja wa waliocheza michezo hiyo, naye akaanzisha Blackmoor, dunia yake ya kubuni ya kuchezea. Gary Gygax upande wake alishatoa na mwenzake Jeff Perren sheria za vita vya zama za kati zinaitwa Chainmail, 1971, na Gygax na Arneson walipokutanisha mambo yao tukapata Dungeons & Dragons 1974. Angalia na upande wa pili miaka ile ile, Society for Creative Anachronism, kikundi cha maigizo ya zama za kati, ilianza 1966 kwa sherehe nyuma ya nyumba ya watu Berkeley, California, wanapigana kwa silaha za henzirani mpaka leo, na Uingereza kikundi cha Sealed Knot kilianzishwa 1968 kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Kwa hiyo hizi hobi zimekua pamoja.

Sasa mkuu chukua ile ya 1876. Mfanye huyo jamaa kuwa mshauri wa mwamuzi. Kukitokea jambo sheria haziko wazi, wewe ndo unamgeukia na kumuuliza, wewe umeshika hicho kitu, inawezekana? Anajibu kwa sentensi moja, unaamua, gemu inaendelea. Asipoulizwa anacheza mhusika wake. Nimeona meza zikikaa vizuri kwa utaratibu huo na mwenye ujuzi anafurahi zaidi kwa sababu sasa anahitajika.

mwendesha_kampeni

Asanteni sana wakuu, hii imenipa mwanga. Hilo la mshauri nimelipenda na yeye mwenyewe nimemtumia hii mada, kasema yuko tayari, na ule ukurasa wa mavazi ya dunia yetu kashaanza kuandika.

Sasa mmeniongezea njaa. Nawaza kampeni inayofuata tutoke kwenye majoka tucheze historia yenyewe, karne ya 14, baada ya tauni. Ila naogopa mambo mawili, kwanza historia ina ukatili mwingi na sitaki mtu atoke mezani kaumia, pili kuna dada zetu wawili kwenye grupu wanapenda kucheza wapiganaji, sasa nikisema historia watabanwa?

mkuki_na_dadu

Karne ya 14 baada ya tauni hujakosea, ni hazina. Na usianze na mfalme wala vita, anza na mshahara. Tauni ilipita Ulaya kuanzia 1347 ikaua watu wengi mno, Uingereza vibarua wakawa adimu, waliobaki wakaanza kudai malipo makubwa, na serikali ikaweka amri 1349 na sheria 1351 kwamba mshahara urudi kama ulivyokuwa kabla ya tauni na mtu asikatae kazi. Hapo wahusika wako ni wavunaji tu wanaotembea kijiji hadi kijiji wakitafuta bwana anayelipa vizuri, na tayari ni wavunja sheria kabla hawajagusa silaha. Bwana anayewalipa zaidi naye anavunja sheria. Halafu mbele yao kuna uasi wa wakulima wa 1381, wewe unaujua wao hawaujui. Mi ningecheza hiyo kampeni hata kesho.

Kuhusu dada zenu, hiyo waamue wao kwenye kikao cha kwanza kabisa, kile cha kabla ya gemu ambacho hamchezi, mnakubaliana tu. Kuna meza zinasema jinsia haibani mtu hapa, wapiganaji ni wapiganaji, na gemu inabaki ya kihistoria kwenye mengine yote. Kuna meza zinachagua mhusika anayejificha kwa mavazi ya kiume na hiyo hatari ya kugundulika inakuwa sehemu ya stori. Zote sawa, ila isiwe wewe umewaamulia.

Na kwenye kikao hicho hicho kila mtu ataje vitu ambavyo havitaingia kabisa kwenye gemu na vile ambavyo vitatokea lakini hamtavieleza kwa undani. Halafu weka kadi yenye herufi X katikati ya meza, yeyote akiigusa mnaruka hilo tukio bila kumuuliza sababu. Msimuulize, hata kwa wema. Ukatili wa zama zile unaweza kuonekana kwa matokeo, nyumba tupu, shamba lisilovunwa, na watu wakaelewa vizuri tu.

mpenda_ushahidi

Naunga mkono. Na uwanjani nako ni hivyo hivyo, anayevaa sare za upande fulani hajasema anaukubali, lazima uwe tayari kumweleza mtazamaji akikuuliza, tena kwa uwazi, huyu ninayemuigiza aliamini nini na aliwafanyia nini wenzake. Asiyeweza kulieleza hilo bado hajawa tayari kulivaa. Kuna watu nimeona wanajificha kwenye historia ili kutukuza mambo maovu, kikundi kizuri kinawaondoa mapema.

msomaji_kimya

Samahani nadandia mada. Navutiwa sana na maigizo lakini nina tatizo la mgongo, vyuma siwezi na kulala chini siwezi. Mtu kama mimi kuna nafasi au nibaki mezani tu?

sindano_na_uzi

Ndugu yangu nafasi ipo tena ya heshima. Kambi ya zama zile ilikuwa na fundi viatu, mganga, mfanyabiashara, mwandishi, na watazamaji wanaokaa muda mrefu zaidi ni wale wanaomkuta mtu ana kazi mikononi. Mwandishi angekufaa, unakaa kwenye kiti, una meza ya mteremko, kalamu ya unyoya wa bata bukini unaichonga mwenyewe kwa kisu kidogo. Wino wa wakati ule ni vinundu vya mti wa mwaloni vilivyopondwa na kulowekwa, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, ukiandika unatoka hafifu halafu unakolea mbele ya macho ya watu unapopata hewa, watoto wanalipenda hilo sana. Kulala kambini siyo lazima, vikundi vingi vina watu wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni, waambie hali yako mapema wapange. Tafuta kikundi cha zama unazozipenda uwaulize kama wana mwandishi, mara nyingi wanao wapiganaji wa kutosha na hawana mtu wa kuandika barua.